Muulize Fundi: Kruza ya 1986 haizimi kwa ufunguo

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Newala. Marehemu baba alituachia Land Cruiser pikapu, HJ75 ya mwaka 1986, injini ya 2H. Msimu wa korosho ndiyo inayotusombea magunia kupeleka ghalani. Tangu masika, ukifunga swichi injini inaendelea kunguruma kama haijaambiwa kitu. Tunaizima kwa kuingiza gia ya nne, kukanyaga breki na kuachia klachi. Siku nyingine inatoa moshi mweusi kupita kiasi. Fundi wetu anasema pampu ya dizeli imekufa, tuuze injini tufunge injini mpya zaidi ya 1HZ. Duka moja Mtwara wameangalia picha wakasema hiyo spea haipo tena duniani. Tufanyeje? (Mwalimu, Newala)

JIBU: Marahaba mwalimu, na Mungu amrehemu mzee. Gari la 1986 ambalo bado linabeba korosho halikuwa mikononi mwa mtu mzembe.

Kwanza acheni kuizima kwa gia. Mnaumiza klachi na raba za injini bure, na mnafanya hivyo gari likiwa na mzigo. Fungua boneti, tafuta mkono mdogo ulioko kwenye pampu, usogeze kwa kidole huku injini ikiunguruma taratibu. Upande mmoja injini itakata. Kariri upande huo, na mfundishe kila anayeendesha.

Pili, pampu haijafa. Pampu iliyokufa haipandishi magunia Newala. Injini yako haina waya wa kuvuta kama Land Rover za kale, wala haina swichi ya umeme ya kukata dizeli ndani ya pampu kama 1HZ iliyokuja mwaka 1990. Toyota waliifungia mota ndogo ya umeme, vitabuni inaitwa EDIC. Mota inazungusha kifimbo kilichoshikana na ule mkono wa pampu, nayo ina vituo vitatu tu: kuwasha, ambapo pampu inamwaga dizeli ya ziada, kutembea, na kuzima. Ikikwama kwenye kutembea, ufunguo unabaki pambo. Ikigandia karibu na kuwasha, ndiyo huo moshi mweusi, na dizeli inaisha usijue imekwenda wapi. Ikilala kwenye kuzima, gari haliwaki, na hapo mafundi huanza kufungua nozo zisizo na kosa lolote.

Chomoa kile kifimbo upande wa pampu. Mtu mmoja azungushe ufunguo, wewe tazama mota. Ikitembea vituo vyote vizuri, shida ni kifimbo: vichwa vyake vimelegea, au kuna mtu alikirefusha alipokuwa akihangaika na jambo jingine. Isipotembea kabisa, usikimbilie kuilaumu. Angalia fyuzi, angalia waya wa athi, sikiliza kama rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) inabofya. Kwenu ni vumbi, huku kwetu Shangani, Mtwara, ni chumvi ya bahari, na vyote viwili hupenda kukaa kwenye viunganishi vya waya.

Umeme ukifika na mota ikagoma, ifungue. Ndani kuna gia, na kisahani chenye njia za shaba ambazo brashi hupita juu yake. Grisi ya kiwandani ikishazeeka inakuwa kama ulimbo. Safisha kwa petroli kidogo, sugua shaba kwa msasa laini kabisa, paka grisi mpya kwa uchache, fungia kifuniko kisiingize maji. Nyingi zinazotupwa huku kusini zilikuwa zinadai usafi huo tu.

Ikiwa imeungua kweli, ndipo unaanza kutafuta. Na hapa watu wanapoteza pesa. HJ75 zipo za volti 12 na zipo za volti 24, na mota zake hivyo hivyo. Kuona betri mbili si ushahidi, maana huenda zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya, na bado ni 12. Chomoa balbu ya taa kubwa, soma iliyoandikwa. Kisha piga picha kibandiko cha mota namba zote zikisomeka, mtumie mtu wako Dar kwa WhatsApp aende Gerezani au Shauri Moyo na hiyo picha mkononi. Asiende kuulizia “mota ya Kruza”, atauziwa mota ya waipa. Kibandiko kikiandikwa Nippondenso usishtuke. Denso walikuwa wanaitwa hivyo hadi 1996. Asitafute kwenye Kruza peke yake pia: Dyna na Coaster za zamani zenye injini za B na 3B zilitumia mfumo huo huo. Namba na volti zikilingana, gari lililotoka halijalishi. Na mota yako ya zamani usiipakie kwenye basi kama sampuli. Kilomita 560 na zaidi kwenda, na kurudi hairudi.

Wakati unasubiri, au ukichoka kusubiri, funga waya. Tafuta waya wa kufungulia boneti wa Corolla iliyokatwa: ni mrefu na una kishikio chake. Uingize kwenye dashibodi, uushike kwenye mkono wa pampu upande wa kuzima, hakikisha ukiuachia mkono unarudi wenyewe mahali pa kutembea. Utakosa ile dizeli ya ziada ya kuwashia, lakini kwa joto letu hita plagi zikiwa nzima hutaikumbuka. Mimi binafsi naupenda waya kuliko mota. Wenye magari ya maonyesho watanichukia.

Jambo moja la hatari. Ikiwa nyuma ya pampu yako kuna kisahani kikubwa chenye mpira wa hewa unaotoka kwenye koo la kuvutia hewa, humo ndani mna ngozi, utando unaovutwa na hewa ili kupunguza dizeli. Ngozi ikipasuka au mpira ukitoboka, hewa haivuti tena dizeli nyuma na injini inapanda mbio yenyewe. Ipime injini ikiwa imezimwa: chomoa mpira, sukuma mkono upande wa kuzima, ziba tundu kwa kidole, achia. Mkono ukirudi polepole ngozi ni nzima. Ukiruka mara moja, inavuja. Ikitokea injini imekimbia, vuta mkono wa pampu, au ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Kwa ubao, mwalimu, si kwa kiganja.

Kuhusu 1HZ, ni injini nzuri, sina neno nayo. Lakini inataka mikono yake ya kukalia kwenye chesesi, na namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari. Huwezi kuvunja nyumba kwa sababu kitasa kimegoma.

SWALI: Fundi, Hilux yangu ya injini ya dizeli ya 3L ikilala usiku, asubuhi inapigwa stata muda mrefu ndipo iwake. Mchana haina tatizo. Wanataka nibadilishe nozo. (Mama Hilux, Mtanda, Lindi)

JIBU: Usibadilishe, mama. Usiku hewa inaingia na dizeli inarudi tangini. Asubuhi kabla ya stata, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, kisha washa. Ikiwaka papo hapo, umepata jibu. Mara nyingi anayevujisha ni hiyo hiyo pampu ya mkono, raba yake ya ndani imekakamaa. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu kubwa: ukiona mapovu, badilisha kichwa cha filta chenye pampu hiyo ya mkono. Hiace za dizeli zinatumia hicho hicho, kwa hiyo Lindi hapo hapo utakipata. Kama mapovu yatabaki hata baada ya kichwa kipya, fuata bomba kuelekea tangini, hasa pale linaposhikwa na klipu chini ya bodi, ndipo kutu huanzia.