Umepata Leseni ya Bastola? Sasa Tafuta Mwalimu

Wanaonitafuta kuniuliza habari za bastola, karibu wote huanza na aina, kisha bei. Ni wachache mno wanaouliza nani atawafundisha. Mimi nanunua mahindi na alizeti Kibaigwa, hapa mkoani Dodoma, na biashara yetu, anayeijua anaijua, kuna siku unarudi mjini na fedha taslimu na jua limeshazama. Ndiyo sababu niliomba kumiliki silaha. Kabla ya hapo nilikuwa sijashika hata gobore. Nikitazama nyuma, kitu chenye thamani kuliko vyote katika safari ile ni masomo niliyopewa na mstaafu mmoja wa jeshi, ambaye mpaka leo namwita Afande. Bastola yenyewe inakuja baada ya hapo.

Maombi ya kumiliki silaha yanaanzia kwa watu wanaokufahamu, serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama hadi polisi. Sheria inayosimamia ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mchakato ni mrefu, na ni haki uwe mrefu. Tatizo ni kwamba mtu akishafika mwisho wake anaona kazi imekwisha, anaifunga bastola kiunoni na kuingia barabarani. Vikao vile vimepima wewe ni mtu wa namna gani. Mkono wako ni habari nyingine.

Kila ukoo una kijana aliyepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, pengine hapa hapa kwenye kambi ya Makutupora, na yeye ndiye wa kwanza kujitolea kukufundisha. Msikilize kwa heshima, kwa sababu nidhamu ya silaha anaijua. Lakini alichoshika kule ni bunduki ndefu, yenye kitako cha kuegemeza begani. Bastola ina mtutu mfupi kiasi kwamba ukigeuka kidogo tu kumsikiliza mtu anayekuita, tayari umemwelekezea. Tafuta mtu aliyefundisha bastola, aliyefundisha wageni kabisa, na mwenye subira. Ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni yako ndiyo mahali pa kuulizia nani anaruhusiwa kufundisha raia na uwanja gani wa shabaha unakubalika. Usione aibu kuuliza.

Mwalimu mzuri utamjua siku ya kwanza: siku hiyo hakuna risasi. Afande aliziacha risasi chumba kingine kabisa, akaweka bastola tupu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, mtutu ukielekea ukutani, akanifundisha jambo moja tu: kuhakikisha silaha ni tupu. Unatoa magazini kwanza. Kisha unavuta nyuma kile chuma cha juu, unakizuia pale pale, unachungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, halafu unaingiza kidole kidogo ndani yake kuhakikisha, maana usiku macho hudanganya. Mpangilio huo haugeuzwi. Ukivuta kwanza ndipo utoe magazini, ile risasi ya chemba inaruka nje, lakini chuma kikirudi mbele kinasukuma nyingine kutoka kwenye magazini. Unabaki na bastola isiyo na magazini, inayoonekana tupu, na ndani yake kuna risasi moja. Ajali za namna hii zimeua watu duniani kote, na aliyefyatua mara nyingi husema sentensi ile ile: nilijua haina kitu.

Kisha kidole. Kidole cha shahada kinanyooka ubavuni mwa silaha, juu kidogo kuliko triga bila kuigusa, na hakishuki mpaka vilengeo, vile vinundu vya kulengea juu ya bastola, viko kwenye shabaha na umeamua kupiga. Nilieleweshwa sababu yake: mtu akijikwaa, au akishtuka, vidole vyote vya mkono hukaza kwa pamoja bila yeye kutaka. Kama kimoja kiko kwenye triga, risasi imetoka. Afande hakuwa na hotuba ndefu kuhusu hili. Alikuwa akisema neno moja, "Kidole!", hata nikiwa nimeshika kalamu.

Risasi zilipoanza, tulisimama kama mita 5 tu kutoka kwenye karatasi ya shabaha. Wapo wanaotaka kuanzia mita 25 kwa sababu wameona kwenye filamu. Umbali mfupi unakuonyesha kosa lako waziwazi, na bastola ya kujilinda haina kazi ya kupiga kitu kilicho mbali vile. Mikono miwili, kiwiliwili kikiegemea mbele kidogo, jicho likitulia kwenye kilengeo cha mbele huku karatasi ikionekana kwa ukungu. Triga inabanwa polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma. Haikwanyuliwi.

Hapa ndipo mwalimu anapostahili kila shilingi unayomlipa. Mpigaji mpya, awe mwanamume mwenye kifua au msichana wa chuo, huogopa mlio na teke la silaha, na mwili wake huanza kujihami kabla risasi haijatoka. Mkono unasukuma chini, risasi inakwenda chini, na mwenyewe anadai bastola ina kasoro. Afande alichanganya kwenye magazini risasi za kweli na zile za mazoezi zisizo na baruti, bila kuniambia ipi inafuata. Nikabana triga, ikalia "tak", na nikauona mtutu ukizama mbele kama kichwa cha mbuzi anayetaka kunywa maji. Hakukuwa na mlipuko wowote wa kusingizia. Hakusema kitu, alinipa magazini nyingine iliyochanganywa vile vile. Zoezi hili peke yako huwezi kulifanya vizuri, kwa sababu ukipanga risasi mwenyewe unajua zilivyokaa. Na siku ukibana triga risasi ya kweli ikagoma kulipuka, silaha isigeuzwe kuchunguliwa. Ibaki imeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe risasi hiyo.

Sasa niseme kuhusu jambo linaloniumiza, nalo ni watu kwenda "kujaribu" silaha porini. Huku kwetu mtu anatoka nje kidogo ya mji, njia ya Hombolo au Zuzu, anaona tambarare haina nyumba, anadhani amepata uwanja. Risasi ya milimita 9 ikikosa kizuizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1.5. Ndani ya eneo hilo kuna watoto wanaochunga mbuzi, kuna mama anaokota kuni, na hakuna hata mmoja unayemwona. Mwingine anaona bora apige kuelekea kilimani. Vilima vyetu vya Dodoma ni mawe matupu, na risasi ikigonga mwamba inarukia upande ambao hakuna anayeujua. Uwanja halali una tuta refu la udongo nyuma ya shabaha, na una mtu mmoja ambaye akisema "simama", kila mtu anasimama. Vitu hivyo viwili huvipati porini, na leseni yako haikupi ruhusa ya kupiga risasi popote unapojisikia.

Vaa viziba masikio. Mlio wa bastola unafika karibu desibeli 160, na sauti ya ghafla inayozidi 140 inatosha kuharibu usikivu usirudi tena. Miwani pia, hasa kuanzia Juni upepo wetu unapoanza kubeba vumbi. Vaa shati lenye kola iliyofungwa, maana ganda la risasi likitoka ni la moto, na mtu likimdondokea kifuani huanza kurukaruka akiwa na silaha mkononi. Moshi na vumbi la pale lina madini ya risasi, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye rangi za zamani, kwa hiyo nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chapati, na nguo za siku hiyo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Mwombe mwalimu akufundishe sheria pia, au akupeleke kwa anayeijua. Haki ya kujilinda ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18, lakini nguvu unayotumia inapimwa kulingana na hatari iliyokukabili. Mwizi anayekimbia na simu yako si mtu unayempiga risasi mgongoni. Niliulizwa maswali ya namna hii somo baada ya somo: amefanya hivi, wewe ungefanya nini? Mara nyingi jibu lilikuwa ni kuondoka, au kumwachia fedha.

Nyumbani silaha inakaa kwenye sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani, risasi mahali pengine, na anayejua namba ni mwenye leseni peke yake. Chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya begi la sokoni, kote huko mtoto anafika kabla yako.

Kina mama wenzangu huniuliza kama wachague bastola ndogo kwa kuwa mikono yetu ni midogo. Subirini kwanza. Bastola ndogo nyepesi inapiga teke zaidi na ni ngumu zaidi kwa anayeanza. Mwombe mwalimu akushikishe za ukubwa tofauti zikiwa tupu, uone kama kidole kinafika kwenye triga bila kupinda mkono, na kama unaweza kuvuta kile chuma cha juu mwenyewe. Ukishapiga chini ya uangalizi wake ndipo uende dukani, tena mwombe mfuatane.