Usisubiri uione tonado ndo ukimbie

Jamani hii tabia ya kutoka nje kuangalia kama kuna tonado (ule upepo mkali unaozunguka kama bomba toka kwenye wingu hadi ardhini) ikisikika radi kubwa naomba tuiache kabisa. Nimeshapitia dhoruba ya namna hiyo na familia yangu, ilikuja usiku, na nawaambia hakukuwa na kitu cha kuona, ni giza na mvua tu. Ile tonado ya mji wa Joplin kule Marekani, tarehe 22 Mei 2011, ilipiga bado mchana lakini ilikuwa imejificha ndani ya mvua, na watu zaidi ya 150 wakafa. Ilikuwa daraja la EF5, la juu kabisa kwenye kipimo cha nguvu za tonado, yaani upepo wa zaidi ya kilomita 320 kwa saa.

Dhoruba ya radi ya kawaida huwa inajimaliza yenyewe, mvua ikishaanza kushuka inaizima ile hewa ya joto inayopanda. Supaseli, yaani dhoruba kubwa ya radi inayozunguka, haiko hivyo, kwa sababu upepo wa juu na wa chini unatofautiana kasi na mwelekeo basi hewa inapanda huku inazunguka, mvua inaangukia pembeni, na dhoruba inaweza kuendelea masaa. Sio kila supaseli inaleta tonado, ila hata isipoleta, mvua yake ya mawe ya barafu na upepo unaosukuma moja kwa moja vinatosha kung'oa paa.

Kwa hiyo mahali pa kujificha pachagueni leo, hali ya hewa ikiwa shwari. Besimenti (chumba cha chini ya ardhi) kama ipo, kama haipo basi chumba cha katikati ghorofa ya chini kabisa kisicho na dirisha, bafuni au stoo au chini ya ngazi. Sisi tulijibana bafuni, magodoro juu ya vichwa, mawe yanagonga mpaka hamsikilizani, halafu yakakata ghafla, na mwanangu akauliza kama imeisha. Nikamwambia tulia, maana mawe kukata sio ruhusa ya kutoka, tonado inaweza kuwa ndo inafuata.

Na viatu! Hili watu hawalisemi kabisa. Ingieni mafichoni mmevaa viatu, viatu vya kufunika mguu, sio ndala. Tulipofungua mlango korido nzima ilikuwa vioo na vipande vya mbao vyenye misumari, umeme hakuna, tochi moja, ungekanyagaje pale na mtoto mgongoni?

Madirisha msihangaike kuyafungua, ile habari ya kupunguza presha ndani ya nyumba ni uongo wa zamani, unapoteza muda karibu na vioo bure. Ukiwa barabarani usijifiche chini ya daraja, pale upepo unabanwa unazidi nguvu na takataka zote zinapita hapo hapo. Na mnaokaa nyumba za kuhamishika ondokeni mapema, tangazo la tahadhari likitoka tu, msingoje lile la onyo, maana tahadhari ni kwamba hali inaruhusu tonado, onyo ni kwamba imeshaonekana au rada imeinasa.

Ving'ora vimewekwa kwa ajili ya walio nje, ukiwa umelala ndani unaweza usivisikie. Washa alati za dharura kwenye simu, usiku usizizime, weka na redio ya betri, na kila mtu ndani ya nyumba awe na filimbi shingoni, ukifukiwa na kifusi sauti inakauka haraka sana lakini filimbi waokoaji wataisikia.