Ulikisomea mtihani, sasa kisome

Watu wa rika langu hapa Kisumu, sisi tuliovuka arobaini, tukianza kutaja vitabu tunavyovipenda utasikia vilevile vya kidato cha tatu na cha nne. Muulize mtu mara ya mwisho alikishika lini, atacheka tu. Ushauri wangu ni huu: kitafute, ukisome tena, na safari hii umfuate yule mhusika uliyempita mbio ukiwa mwanafunzi. Mashujaa unawajua tayari.

Nichukue The River and the Source ya Margaret Ogola, daktari wa watoto ambaye riwaya yake hiyo ilitoka mwaka 1994. Shuleni tulikuwa upande wa Akoko, binti wa chifu kutoka Yimbo, aliyetolewa mahari ya ng'ombe 30 na asiyekubali kuonewa na mtu. Tulipofika pale anapofunga safari kuja Kisumu kumshtaki shemeji yake kwa serikali ya mkoloni, darasa zima lilichangamka, maana ni huku kwetu alikokuwa anakuja. Yaliyotangulia safari hiyo tuliyasoma kwa kurukaruka. Mwana wa Akoko, Owang' Sino, anakwamwa na mwiba wa samaki na kufa. Kijana mmoja akauliza iweje Mjaluo ashindwe na mwiba, tukaangua kicheko hadi mwalimu akagonga meza.

Nimekirudia kitabu hicho nikiwa na watoto wanaokula samaki mezani pangu, na ukurasa ule haukunichekesha hata kidogo. Niliona pia jambo la ufundi ambalo lilinipita kabisa: mwiba ule ndio uliobeba hadithi. Owang' Sino, aliyekuwa chifu, anaacha mtoto mchanga. Mtoto hawezi kushika uchifu, basi shemeji ya Akoko anakikalia kiti, na kukikalia huko ndiko kunakomtoa mama huyo nyumbani kwenda kutafuta haki. Bila mwiba hakuna safari ya Kisumu. Mwandishi hapigi kelele kuhusu hilo, analiweka tu hapo na kuendelea, na sisi tulikuwa tunacheka.

Halafu kuna Nyabera, binti ya Akoko. Huyu kwetu alikuwa jibu la mtihani, mfano wa mateso ya mwanamke, alama zako unapata unaendelea na swali lingine. Anafiwa na mume, anafiwa na watoto, mwishowe anaelekea misheni. Mtu wa umri wangu ameshakaa kwenye matanga mengi. Ameshamwona mama akitoka kaburini kwa mwanawe na kabla hajaketi anaulizwa kama chai itawatosha wageni. Ukiwa na hayo kichwani, sura za Nyabera hazisomeki haraka. Akoko nitamheshimu daima, lakini Nyabera ndiye ninayemfahamu sasa.

Ndiyo maana nasema usianze na nakala yako ya zamani, hata kama ilinusurika mchwa na wapwa. Yangu ya Siku Njema ya Ken Walibora imejaa penseli: mistari, mishale, neno "sadfa" pembeni, "taswira", na mahali pengine "LITATOKA" kwa herufi kubwa. Alama hizo hukuburuta kule mwalimu alikotaka uende. Jicho linatua kwenye dondoo, linaruka aya tatu, linatua tena kwenye dondoo. Pata nakala safi kwanza, ile ya penseli uifungue baadaye kwa kujifurahisha. Wauza vitabu vya mitumba hawakosi hivi, hasa kitabu kikishaondolewa kwenye orodha ya vitabu teule na wanafunzi wakataka kuachana nacho. Maktaba ya umma nayo ipo. Miongozo iache hukohuko dukani.

Siku Njema ilitoka mwaka 1996, na sisi wa magharibi tuliipenda kwa sababu mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga kote huko anakuja Kitale kumtafuta babake. Kitale! Mji wenye binamu zetu na mahindi yetu umeingia kwenye riwaya. Walibora alipofariki Aprili 2020, wengi niliowajua waliitafuta upya, na mimi nikiwemo. Nilipokuwa kijana nilikuwa Kongowea kuanzia ukurasa wa kwanza, na babake alikuwa mwisho wa safari tu, kama kituo cha basi. Sasa mimi ni baba. Swali lililonikalia usiku ule halikuwa kama kijana atafika. Ni huyo anayetafutwa: anasema nini mtu akibishiwa hodi na mtoto ambaye hakumlea? Na mama mtu, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, mbona nilimsahau upesi hivyo?

Vingine havitarudi. Kuna riwaya moja ya kijasusi niliyokuwa nikiificha chini ya dawati. Juzi nimeshindwa kuvuka sura ya pili. Wanawake wote ndani yake wana miguu na hawana akili, na jasusi hachoki wala haendi haja. Usijilazimishe. Mpe kijana wa bodaboda pale stejini, anakaa sana akisubiri abiria, huenda ikamfaa. Huna deni kwa kitabu kwa sababu kilikufurahisha ukiwa na miaka kumi na saba.

Kuhusu mwendo: soma polepole kuliko zamani, na ukihitaji miwani nunua, acha kusogeza kitabu mbali na uso kana kwamba kinanuka. Kama una mtoto wa sekondari anayesoma kitabu kilekile, usimwambie ulichokiona. Muulize tu anamchukia nani. Binti yangu anamwona Nyabera mtu wa kujihurumia, na tulibishana hadi mamake akatuzimia taa.

Kama hujui pa kuanzia, pitia kichwani vile vitabu vya shule, uchague kile ambacho wahusika wake bado unawakumbuka kwa majina lakini huwezi kueleza kinavyokwisha. Hicho ndicho ulichokisomea mtihani kweli kweli. Anza nacho.