Maswali Yenu: Polaroid SX-70, ile kamera ya kukunja

"Shikamoo fundi. Tumefungua sanduku la marehemu babu hapa Tanga tukakuta kitu bapa cha rangi ya fedha na ngozi ya kahawia, kama kasha la miwani vile. Kaka kakivuta juu, kikafunguka kikawa kamera! Imeandikwa Polaroid SX-70 Land Camera. Ni ya lini hiyo, ina thamani yoyote au tuwaachie watoto wachezee?" (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Watoto wasiiguse kabisa, na huyo kaka naye aache kuivutavuta.

Hiyo ni kamera ya Marekani, ilianza kuuzwa Miami mwishoni mwa 1972 kisha ikasambaa mwaka uliofuata. Bei yake dola 180, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Hilo Land ni jina la mwenye kampuni, Edwin Land, jamaa ambaye inasemekana mwaka 1943 alikuwa likizo na familia yake mji wa Santa Fe, binti yake wa miaka mitatu akamuuliza kwa nini haiwezekani kuiona picha saa hiyohiyo, basi baba akaondoka na swali kichwani. Kamera yake ya kwanza ya picha za papo hapo ikaingia dukani Boston 1948. Lakini hizo za mwanzo zilikuwa na usumbufu, unavuta karatasi kwa mkono, unahesabu dakika, unabandua, halafu unabaki na takataka zenye dawa mkononi hujui uzitupe wapi.

SX-70 ndo ikamaliza hayo yote. Unafokasi, unabonyeza kitufe chekundu, mota inaitema picha kwa mbele, na picha inajisafisha yenyewe mbele ya macho yako kweupe pe! Wanaokumbuka kupeleka mkanda studio na kuambiwa rudi wiki ijayo wataelewa hii ilikuwa maajabu kiasi gani. Land alipoionyesha kwa wanahisa mwaka 1972 aliitoa mfukoni mwa koti ikiwa imekunjwa, akaifungua, akapiga picha 5 kwa sekunde 10 hivi.

Sasa utamu wenyewe, na hapa wengi wanakosea kwa kuisifia kamera tu, uko kwenye filamu. Kila picha ina kifuko kidogo cha dawa kwenye ule ukingo mpana wa chini, ikipita kati ya rola mbili kifuko kinapasuka na dawa inasambazwa ndani. Unajiuliza, mbona imetoka juani na haiungui? Ni kwa sababu ndani ya ile dawa kuna kitu kinachozuia mwanga, kinafanya kazi ya chumba cha giza hukohuko ndani ya picha, halafu taratibu kinapoteza rangi mpaka picha inaonekana. Hapo ndipo akili zote zilipoenda. Na betri nayo haiko kwenye kamera, iko chini ya pakiti ya filamu, volti 6, kwa hiyo kila ukiweka pakiti mpya unapata na betri mpya. Kwa hiyo ya babu ikikaa kimya, huenda haijafa, haina pakiti tu!

Thamani ipo, ila kama inafanya kazi. Na kuikunja, msishindilie kwa nguvu, kuna mkono mdogo wa chuma ubavuni unaoishikilia isijifunge, sukuma huo kwanza ndo ushushe.

"Fundi mambo. Niko Nairobi, nataka SX-70 kwenye minada ya mtandaoni ila naona kuna Alpha, Sonar, Model 2, bei zinapishana vibaya. Nichukue ipi bana?" (Msomaji, Nairobi)

Poa sana. Ya kwanza kabisa ndo ile ya rangi ya fedha na ngozi halisi, na usidanganyike, ule mwili si chuma, ni plastiki ngumu iliyopakwa nikeli na kromu, muuzaji akikwambia chuma tupu ujue hajui anachouza. Zile za mwanzo kabisa kioo cha kuchungulia hakina duara la kusaidia kufokasi, lilikuja baadaye, kwa hiyo mkusanyaji anazitaka lakini mpigaji zitamtesa. Model 2 ya 1974 ni ileile kwa ndani ila plastiki tupu kwa nje, na hapa mi nasema wazi, kama pesa imebana chukua hiyo, picha haijui kama umeshika kromu au plastiki. Model 3 achana nayo, huchungulii kupitia lenzi, unakisia umbali, sasa umenunua SX-70 ya nini? Alpha ya 1977 ina vishikizo vya mkanda wa shingoni na tundu la stendi. Sonar ya 1978 inajifokasi yenyewe kwa kupiga mawimbi ya sauti usiyoyasikia, ni kubwa kidogo na ina lile duara la rangi ya dhahabu juu ya lenzi, lakini ikiharibika humu kwetu utahangaika kumpata wa kuitengeneza.

Kwangu mimi Alpha. Lenzi za hizi za kufokasi kwa mkono ni kioo kweli, na unasogea mpaka sentimita 26 kutoka kwenye ua au uso wa mtu. Walker Evans, yule mpiga picha mkubwa wa Marekani, aliichukua 1973 akiwa kwenye miaka 70, kampuni ikawa inampa filamu bure, akapiga zaidi ya picha 2,000 kabla hajafariki 1975. Mzee wa kamera kubwa za stendi huyo!

Kabla hujalipa mwombe muuzaji video, aweke pakiti, hata kuukuu iliyobaki na chaji, abonyeze, usikie mota na shata. Angalia ule mpira mweusi unaokunjwa usiwe na matobo, vioo visiwe na ukungu. Ngozi kubanduka si tatizo, zinauzwa mpya unabandika mwenyewe. "Haijajaribiwa" soma "mbovu", utakuwa salama.

"Niko Muscat. Mjomba anasema Polaroid walisaidia makaburu na hataki hata kuiona hiyo kamera nyumbani. Kuna ukweli?" (Msomaji, Oman)

Upo, na mjomba ana kumbukumbu nzuri. Si SX-70 lakini, ni mtambo mwingine wa vitambulisho, ID-2, uliotumika Afrika Kusini kwa picha za zile pasi ambazo Waafrika walilazimishwa kutembea nazo. Wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua 1970 wakaanzisha kampeni ya kuisusia kampuni. Hunter akafukuzwa kazi. Kampuni ikasema haitaiuzia tena serikali, ila ikaja kujulikana 1977 kwamba wakala wake kule alikuwa anaendelea kuuza kichinichini, ndo Polaroid ikaondoka. Mjomba usibishane naye, we kamera yako weka chumbani kwako.

"Nimenunua filamu mpya, pakiti ina picha 8 wakati mzee alisema 10, na zote zimetoka manjano manjano. Nimepigwa?" (Msomaji, Mombasa)

Hujapigwa ndugu yangu. Mzee yuko sahihi, za zamani zilikuwa 10, lakini Polaroid waliacha kutengeneza filamu 2008, kikundi cha watu kikachukua kiwanda cha mwisho huko Enschede, Uholanzi, kikalazimika kuanza kuunda dawa upya maana nyingi zilikuwa hazipatikani tena, na hizo ndo za picha 8.

Umanjano ni joto la Mombasa, hiyo filamu inataka nyuzi 13 mpaka 28 tu. Hifadhi kwenye friji, sehemu ya kawaida, usigandishe, kisha itoe mapema ubaridi uishe kabla ya kupiga. Piga asubuhi au jioni. Picha ikitoka ifunike hapohapo isipigwe na mwanga, hizi za sasa si ngumu kama za Land, igeuze kifudifudi mahali pa baridi kama dakika 15. Na usiitikise, kutikisa hakusaidii kitu! Mara nyingine soma boksi vizuri: unataka iliyoandikwa SX-70. Ya i-Type haina betri, kamera haitaamka, na ya 600 inashika mwanga haraka karibu mara nne zaidi, bila kichujio cha kupunguza mwanga utapata karatasi nyeupe.