Fundi Anajibu: Mafuta ya kupikia kwenye shingo ya gitaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Gitaa langu la umeme limejaa uchafu mweusi kandokando ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na freti zenyewe zimeota ukijani. Nikivuta uzi zinakwaruza. Mwenzangu ananiambia nipake mafuta ya kupikia shingo nzima. Nipake?

JIBU: Marahaba. Hayo mafuta yarudishe jikoni. Huchacha, yakanata, na yatakukusanyia uchafu kuliko huo unaoulalamikia. Hata mafuta yanayofaa huja mwisho kabisa.

Vua nyuzi zote. Huo weusi ni jasho na ngozi ya vidole vyako, umegandamana. Ukwangue taratibu kwa ukingo wa kadi ya plastiki, ukifuata mkondo wa mbao. Pale freti inapokutana na mbao, tumia kijiti cha meno. Kisha pitisha kitambaa chenye unyevunyevu tu, halafu kikavu.

Sasa freti. Madini yake wanayaita fedha ya nikeli, ila fedha humo hamna hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Ukijani ni ile shaba inayoliwa na jasho. Bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, juu ya mbao pande zote mbili za freti, usugue kwa sufu ya chuma laini kabisa iliyoandikwa 0000 mpaka iteleze chini ya kidole. Lakini kabla hujaigusa sufu hiyo, ziba kwa tepu pikapu zako, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Zina sumaku, na vumbi la chuma likishaingia humo, kulitoa ni adhabu.

Mafuta je? Inategemea mbao. Rozwudi au eboni, mbao zile za kahawia au nyeusi, isiyo na vanishi, weka matone machache ya mafuta ya limau yanayouzwa kwa ajili ya gitaa, subiri dakika chache, ufute yote. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, usiikaange. Mepo, mbao ile nyeupe-manjano, kwa kawaida imepigwa vanishi, hivyo haihitaji mafuta, kitambaa kinatosha.

Ukimaliza, zitazame freti kwa ubavu. Ukiona vishimo chini ya njia za nyuzi, huo si uchafu, zimelika. Hapo acha kusugua, mpelekee fundi azisawazishe.