Maswali ya Wasomaji: Mezani kwenye Trattoria ya Italia

Mimi na mume wangu tutakuwa Roma mwezi wa nane. Tunataka kula kwenye trattoria, yaani migahawa ya kawaida ya kifamilia. Je, tunaweza kuingia muda wowote njaa ikituuma?

Hapana, dada. Jiko lina saa zake. Mlangoni mtasoma 12.30–14.30, yaani saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, kisha 19.30 na kuendelea, saa moja na nusu usiku. Wenyeji wengi wa Roma hukaa mezani kwenye saa mbili na nusu, hivyo mkifika mapema mna nafasi nzuri zaidi ya kupata meza. Ijumaa na Jumamosi pigeni simu kwanza. Mwezi wa nane una tatizo lake: kazi ni ya baba, mama na watoto, basi wakienda likizo wanakwenda wote, na trattoria nyingi hufungwa wiki mbili hivi karibu na sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15. Mkikuta karatasi imeandikwa "chiuso per ferie", yaani imefungwa kwa likizo, tafuteni kwingine. Ipo pia siku ya mapumziko ya kila wiki, mara nyingi Jumatatu au Jumapili jioni.

Niliagiza nyama ikaja nyama tupu, bila kiazi wala mboga. Mwenzangu aliyeagiza pasta alimaliza kula kabla sahani yangu haijatoka. Tulidharauliwa?

Hamkudharauliwa hata kidogo. Antipasti ni vya kufungulia kinywa. Primi ni pasta, risotto (wali) au supu. Secondi ni nyama au samaki, contorni ni mboga, viazi au saladi, na dolci ni vitamu. Kila kimoja kina sahani yake na bei yake, na jiko hutoa kwa mpangilio huo. Wewe uliagiza secondo bila contorno, mwenzako akaagiza primo. Mpishi akaanza na primo kama kawaida. Mkitaka vije pamoja, semeni "tutto insieme", vyote pamoja, mnapoagiza, si baadaye.

Si lazima kuagiza vyote. Primo ina gramu 80 hadi 100 za pasta kavu, na inashibisha. Watu wawili wanaweza kuanza na antipasto moja ya kugawana, kila mmoja akala primo yake, kisha secondo moja na contorno moja katikati.

Pasta yenyewe haisubiri. Chukua carbonara: mpishi huepua kikaango, anamwaga viini vya mayai vilivyochanganywa na jibini ya pecorino, anaongeza maji kidogo yaliyochemshia pasta, halafu anakoroga haraka. Yai linaiva kwa joto la pasta tu. Moto ukizidi, linakuwa mayai ya kuvuruga. Sahani ikikaa mezani mkipiga picha, mchuzi unakauka na kushikamana. Krimu haimo. Ukikuta carbonara ya krimu Roma, mimi ningebadilisha mahali.

Sili nguruwe. Je, inatosha kuangalia neno "maiale" kwenye menyu?

Haitoshi, ndugu yangu, na hili lichukue kwa uzito. Nguruwe ana majina mengi: guanciale ni shavu, pancetta ni tumbo, prosciutto ni paja, lardo na strutto ni mafuta, cotiche ni ngozi. Kuna pia salsiccia, speck na mortadella. Katika pasta nne mashuhuri za Roma, carbonara, amatriciana na gricia zote zina guanciale. Inayobaki ni cacio e pepe, yenye pecorino na pilipili manga tu. Ila pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, kwa wanaozingatia hilo. Bologna ndiko watu wanakonaswa zaidi. Ragù, mchuzi wa nyama, inaonekana ya ng'ombe kumbe ina pancetta, na tortellini, vifuko vidogo vya pasta, huja ndani ya supu safi huku kijazo chake kikiwa nguruwe, prosciutto na mortadella.

Sema: "Non mangio maiale, nemmeno guanciale, pancetta o strutto." Uliza kabla ya kuagiza, maana ragù imepikwa tangu asubuhi na hakuna cha kuondoa. Kwa mvinyo, sema "senza vino": kombe wa vongole na nyama nyingi za mchuzi hutiwa mvinyo. Nyama ya ng'ombe kwa kawaida haikuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, hivyo wengi huchagua samaki, spaghetti al pomodoro (ya nyanya), au ya aglio, olio e peperoncino (kitunguu saumu, mafuta na pilipili). Roma jaribu carciofi alla giudia, artichoki (aina ya mboga) nzima iliyokaangwa hadi majani yakawa makavu, chakula cha Wayahudi wa mji huo.

Bei ya bistecca alla fiorentina, kipande kinene cha nyama ya ng'ombe cha kuchoma, ilionekana ndogo, bili ikawa kubwa mno. Kwa nini?

Angalia kama kando ya bei pameandikwa "l'etto". Hiyo ni bei ya gramu 100. Yuro 5 kwa etto ni yuro 50 kwa kilo, na kipande kimoja huanzia kilo moja hivi, cha kuliwa na wawili au zaidi. Omba uzito utajwe kabla nyama haijawekwa motoni. Samaki mzima naye huuzwa hivyo. Na usiombe fiorentina iliyoiva kabisa: unene wake ni sentimita nne au tano, nje itaungua na kukauka kabla katikati hapajaiva. Asiyependa wekundu aagize spezzatino, vipande vya nyama vya mchuzi.

Coperto ni nini, na bakshishi nitoe kiasi gani?

Ni malipo ya kukaa mezani, mara nyingi yuro 1 hadi 3 kwa mtu, na lazima yaandikwe kwenye menyu. Mkoa wa Lazio, ulimo Roma, uliyapiga marufuku kwa sheria ya 2006, kwa hiyo huko utaona "pane", mkate. Usipoutaka, urudishe unapoletwa. Ukiona "servizio", huduma imeshalipiwa. Bakshishi si lazima. Yuro moja mbili zinatosha. Bili haiji mpaka uiombe, "il conto, per favore", kwa sababu kumletea mgeni bili bila kuombwa ni kama kumfukuza.

Naweza kunywa cappuccino baada ya chakula?

Watakuletea, ingawa wao huinywa asubuhi. Kahawa ya baada ya mlo ni espresso, na huja baada ya kitamu, si pamoja nacho.