Bahasha za tawala za maharaja: usibandue stempu, soma mihuri kwanza

Mkuu, umetuwekea picha za bahasha tatu ulizozikuta kwenye sanduku la marehemu babu mkwe: ya Gwalior, ya Kashmir, na ya tatu yenye mwandiko wa Kigujarati na muhuri wa Zanzibar. Umeuliza ni za nini, tarehe iliyoandikwa isomwe vipi maana imekuchanganya, na kama uziloweshe ubandue stempu uzipange kwenye albamu. Nitaanza na hilo la kulowesha maana ndilo lenye haraka. Usiloweshe kitu.

Stempu nyingi za mwanzo za Kashmir zilichapwa kwa rangi za maji. Ukizitia kwenye beseni, baada ya dakika chache unabaki na karatasi tupu na maji mekundu. Na hata zile ambazo rangi yake inahimili maji, nyingi zikiwa peke yake unazipata kwa hela ya chai. Bahasha nzima, yenye stempu, mihuri na anwani, ndiyo inayoeleza barua ilitoka wapi, ilipita wapi, na nani alilipa nini. Ukishabandua, ushahidi huo umekwisha.

Sasa ujue kwamba chini ya Waingereza, India ilikuwa na mamia ya tawala za wafalme wa kienyeji, yaani maharaja, manawabu na Nizamu wa Hyderabad, na baadhi yao waliendesha posta zao wenyewe. Sisi wakusanyaji tunazigawa mafungu mawili. La kwanza ni tawala sita zilizowekeana mkataba na posta ya Waingereza, ndiyo hiyo posta ya India: Patiala, Gwalior, Jind, Nabha, Chamba na Faridkot. Hizi, kuanzia miaka ya 1884 hadi 1887, zilitumia stempu za kawaida za India zilizogongwa jina la utawala juu yake. Barua yenye stempu hiyo ilikwenda popote ndani ya India bila nyongeza. Fungu la pili ni tawala zilizotengeneza stempu zao kabisa, kama Hyderabad, Bhopal, Travancore, Soruth (yaani Junagadh) na Kashmir. Stempu hizo nje ya mpaka wa utawala hazikuwa na thamani yoyote.

Bahasha yako ya Gwalior ni ya fungu la kwanza. Chukua kioo cha kukuzia uangalie kichwa cha Malkia Victoria: jina GWALIOR limechapwa kwa herufi za Kizungu, na pamoja nalo jina lilelile kwa Kihindi. Pima hayo maandishi ya Kihindi kwa rula. Kuna chapa fupi ya milimita 13 hivi na ndefu ya milimita 15, na wakusanyaji huzitenganisha. Halafu soma herufi moja moja, maana wapanga chapa waliteleza mara nyingi. Kuna GWALICR, kuna CHMABA badala ya CHAMBA, na Patiala yenyewe stempu zake za mwanzo ziliandikwa PUTTIALLA. Ukikuta kosa la namna hiyo bado liko juu ya bahasha yake, kaa chini kwanza kabla hujampigia simu mtu yeyote. Ukiona muhuri wa LASHKAR usidhani ni utawala mwingine. Huo ndio mji ilipokuwa posta kuu ya Gwalior.

Ya Kashmir ndiyo iliyonifanya niandike marefu hivi. Mtu wa Kashmir akimwandikia mtu wa Lahore, mji uliokuwa chini ya Waingereza, stempu ya maharaja ilimlipia hadi pale barua inapokabidhiwa kwa posta ya Waingereza. Kutoka hapo ilihitajika stempu ya India. Kwa hiyo barua iliyolipiwa sawasawa ina stempu za aina mbili na mihuri ya posta mbili. Ninayo moja ya namna hiyo. Ni bahasha nyembamba ndefu ya karatasi ya mkono, ukiipitisha kwenye mwanga unaona nyuzi zake. Upande mmoja kuna stempu ya nusu anna (anna kumi na sita ni rupia moja) nyekundu ya Kashmir iliyokatwa kwa mkasi, ukingo mmoja mpana na mwingine umekwaruza mchoro, imegongwa muhuri mweusi ambao husomi hata herufi moja. Upande wa pili kuna nusu anna ya kijani ya India, na muhuri wake una mji, mwezi na tarehe, umechorwa safi. Posta mbili, kazi mbili tofauti, kwenye karatasi isiyozidi kiganja.

Kama yako ina stempu ya Kashmir peke yake na ilivuka mpaka, tafuta muhuri ulioandikwa BEARING au DUE. Maana yake posta ya Waingereza iliihesabu kuwa haijalipiwa, na mpokeaji akatozwa maradufu. Barua nyepesi ilikuwa nusu anna, basi yeye alitoa anna nzima mlangoni. Wengine wanadhani muhuri huo ni dosari unaoshusha bei. Kwangu mimi ni kinyume chake, maana ndio unaoonyesha mpaka wa posta ulivyofanya kazi.

Stempu za Kashmir zilikoma mwaka 1894, posta ya India ilipochukua kazi yote. Ile stempu ya Kashmir ya duara ni ya mwaka 1866 na kuendelea. Wakusanyaji wa zamani walikuwa na tabia mbaya ya kuikata ikifuata duara lake, nayo ikikatwa hivyo hushuka thamani sana. Muhuri wa rangi ya tofali kwenye barua za zamani ni dalili nzuri ya Srinagar, mji mkuu wa Kashmir.

Kuhusu tarehe iliyokuchanganya: hiyo ni Samvat, kalenda ya Wahindu. Wengi hukosea kwa sababu tarakimu ya moja ya Kihindi inafanana na tisa yetu. Ukishasoma mwaka, toa 57, au 56 kama barua ni ya Januari hadi Machi. Samvat 1935 basi ni 1878 au mwanzoni mwa 1879. Kwa barua za Gujarat mambo yanabadilika kidogo kwa sababu mwaka wao huanza baada ya Diwali, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoa 56. Hyderabad na Bhopal utakuta Hijria, na hapo waliopita chuo cha Kurani wana nafuu kuliko Wazungu wa kwenye minada. Bhopal nayo ina raha yake: jina la Begum (mtawala wa kike wa huko) limefinywa katikati ya stempu bila wino, hulioni mpaka uinamishe karatasi kwenye taa.

Haya, ya tatu. Hii si ya utawala wowote, na usivunjike moyo. Kati ya tawala za Wagujarati, Kutch haikuwa na stempu zake. Nawanagar na Junagadh zilikuwa nazo, lakini hazikufaa kwa barua ya kuvuka bahari, kwa hiyo wafanyabiashara wa huko waliowaandikia ndugu zao Unguja walibandika stempu ya India. Na Zanzibar kwenyewe kulikuwa na ofisi ya posta ya India tangu 1875 hadi Novemba 1895, ikiuza stempu zilezile za India. Unachotakiwa kuangalia ni muhuri wa ZANZIBAR uko wapi. Ukiwa nyuma ya bahasha, barua ilifika Unguja. Ukiwa juu ya stempu yenyewe, ilitumwa kutoka Unguja, na hiyo inatafutwa zaidi. Picha yako imekata upande wa nyuma, na nyuma ndiko kwenye habari: hapo ndipo miji ya njiani na ofisi ya mwisho zilipogonga.

Tahadhari juu ya bandia. Ujanja unaozoeleka ni kuchukua bahasha halali ya India yenye stempu moja, kisha kubandika ya maharaja pembeni ili ionekane ni ya stempu mbili. Angalia kama wino wa muhuri unatoka kwenye stempu na kuendelea kwenye karatasi bila kukatika. Ukiishia kwenye ukingo wa stempu, uliza maswali. Angalia pia kama nauli inalingana na safari. Stempu ya utawala kwenye barua isiyowahi kukanyaga utawala huo ilibandikwa juzi.

Kuzihifadhi ni rahisi: mfuko wa plastiki usio na PVC, mahali pakavu, bila gundi wala selotepu, na hewa yetu ya pwani uiogope. Kuuza, subiri. Tupia picha za nyuma za zote tatu, mwanga ukitoka ubavuni, na hiyo ya Zanzibar weka rula pembeni nione ukubwa wa muhuri.